Kabla ya Bunduki, Tafuta Risasi

Anayetaka bunduki yake ya kwanza ya vita vya zamani kwa kawaida huanza na jina. Ameona Mauser kwenye filamu, au ameona Lee-Enfield begani mwa keya, wale askari wa King's African Rifles, kwenye picha ya babu, na anataka hiyo hiyo. Kama nia ni kuitundika ukutani, sawa. Kama nia ni kwenda nayo uwanja wa shabaha kila mwezi, anza na risasi: ipi inapatikana dukani leo, kwa bei gani, na je, bado inatengenezwa? Ukishapata jibu, orodha ya bunduki itajipunguza yenyewe.

Nawaandikia zaidi walioko Marekani, kwa kuwa soko kubwa la bunduki hizi liko huko. Risasi mpya za .303 za Uingereza, 7.92x57 ya Mauser, 6.5x55 ya Uswidi, 7.5x55 ya Uswisi, 7.62x54R ya Urusi na .30-06 ya Marekani zote hutengenezwa na kiwanda cha Prvi Partizan cha Serbia, na maganda yake yanaweza kujazwa upya. Hilo ndilo linalozifanya bunduki za aina hizo sita zifae kwa mtu anayeanza. Ukinunua kitu chenye risasi adimu, utapiga mara mbili kwa mwaka, halafu bunduki itakaa kabatini.

Mfano mzuri ni Mosin-Nagant 91/30 ya Urusi. Kwa miaka mingi ilisifiwa kama bunduki ya maskini: bunduki yenyewe rahisi, na makopo ya risasi za akiba ya jeshi karibu bure. Hesabu hiyo imekufa. Tangu Septemba 2021 Marekani haitoi vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, na akiba ya zamani imepungua. Mosin bado ni bunduki ya kuheshimika, lakini usiinunue kwa ushauri wa zamani. Isitoshe, risasi nyingi za akiba hiyo zina kiini cha chuma ndani ya kichwa. Viwanja vya ndani huzipima kwa sumaku mlangoni, na ikinasa unarudishwa nyumbani na kopo lako.

Mimi ningemshauri anayeanza achague kati ya K31 ya Uswisi na Mauser m/96 ya Uswidi, kama anachotaka ni kugonga shabaha. Nchi hizo mbili hazikupigana katika vita vikuu vya dunia, kwa hiyo bunduki zao zilibebwa sana, zikapigwa mazoezini, zikasafishwa na watu waliojali. K31 inachukua risasi 6, na bolti yake, chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma yake, huvutwa moja kwa moja nyuma bila kuzungushwa. Vuta kwa nguvu, sukuma kwa nguvu. Anayeibembeleza ndiye anayeikwamisha. Kitako chake mara nyingi kimechakaa na kupasuka sehemu ya chini, uharibifu wa sura tu usioathiri shabaha. Ukifungua skrubu mbili za bamba la kitako, huenda ukakuta karatasi yenye jina la askari aliyekabidhiwa. Iache pale ilipo.

Kwenye m/96 tazama kidude cha shaba cha duara kilichopigiliwa kwenye kitako. Kimegawanywa sehemu, na mojawapo inaonyesha hali ya mtutu kwa namba: 1 ni mzuri, 3 umechoka. Ni msaada, si ushahidi, maana kitako hubadilishwa na kidude huenda nacho. Jua pia kwamba kilengeo cha asili cha m/96 kinaanzia mita 300. Kwenye mita 100 itapiga juu, na hiyo si kasoro ya bunduki.

Lee-Enfield nitaieleza zaidi, kwa sababu ndiyo wasomaji wetu wengi wanayoitaka. Ina historia kwetu. Mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani huku Afrika Mashariki walikuwa bado na Mauser ya 1871 inayotumia baruti nyeusi, moshi wake ukiwaumbua kila wanapofyatua. Baada ya mapigano ya Tanga, mwezi Novemba, bunduki za kisasa walizowanyang'anya Waingereza zilikuwa mali kubwa kwao. Basi namba 4, ile ya Vita Vikuu vya Pili, ndiyo rahisi kuishi nayo: kilengeo chake cha nyuma ni tundu karibu na jicho, bolti inateleza kama siagi, na magazini, kisanduku cha risasi, inabeba risasi 10.

Tatizo lake ni nafasi ya kichwa cha bolti, yaani uwazi unaobaki kati ya bolti iliyofungwa na tako la risasi. Risasi ya .303 ina ukingo, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame kwenye chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Uwazi ukizidi, ganda hunyooka kila unapopiga mpaka likatike karibu na tako. Kwenye namba 4 Waingereza walitengeneza vichwa vya bolti vya saizi nne, 0 hadi 3, kila saizi ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Ukikuta bunduki ina kichwa cha 3 na uwazi bado umezidi, mwachie muuzaji mali yake. Chemba za wakati wa vita pia zilichongwa kwa upana wa makusudi, risasi yenye matope nayo iingie. Ndiyo maana anayejaza maganda upya hukaza shingo tu na kuacha mwili wa ganda ulivyotoka chembani. Ukiona mstari unaong'aa ukizunguka ganda, kama sentimita moja juu ya ukingo, ganda hilo limekwisha.

Mawili zaidi kuhusu Lee-Enfield. Kwenye namba 1, ile ya Vita Vikuu vya Kwanza, usifungue kitako kabla hujavua mbao za mbele. Ncha ya boliti ndefu inayoshika kitako ina pembe nne na imeshikwa na kibamba kilichomo kwenye mbao za mbele, ukiizungusha, unazipasua. Na wakati wa kujaza magazini, ukingo wa kila risasi ukae mbele ya ukingo wa risasi iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, ya juu itakwama na utailaumu bunduki bure.

Mauser K98k ya Ujerumani ina bei ya jina lake. Nyingi zilizoko sokoni zilitekwa na Warusi, zikafunguliwa, zikachanganywa na kuunganishwa upya, kisha namba za vipande zikachorwa kwa kalamu ya umeme ili zifanane. Kwa mkusanyaji hilo linashusha thamani. Kwa mpigaji ni nafuu, mradi mtutu ni mzima. M48 ya Yugoslavia inatumia risasi ile ile, na ndiyo ningeinunua mahali pake. Jihadhari na kitu kimoja: viwanda vya Marekani hujaza 7.92 kwa nguvu ndogo, wakiogopa bunduki za kale za 1888 zenye mtutu mwembamba zaidi. Risasi hizo ni salama, ila zitapiga tofauti na kilengeo kinavyosema.

Zipo za kuepuka kabisa kwa kupiga. Springfield 1903 ya Marekani yenye namba chini ya 800,000, au chini ya 285,507 kama ni ya kiwanda cha Rock Island, ilichomwa vibaya kiwandani, na chuma chake kinaweza kuvunjika kama kigae. Bunduki za Kijapani za mafunzo zilitengenezwa kwa chuma cha kusubu na hazikukusudiwa risasi halisi. Hizo ni za ukutani.

M1 Garand ya Marekani ni nzuri, lakini si mwalimu wa kwanza. Inataka baruti ya aina yake: risasi za leo za kuwindia, zenye baruti inayoungua polepole na vichwa vizito, zinaweza kupinda fimbo inayoendesha bolti. Kaa kwenye kichwa cha greni 150 (greni ni kipimo cha uzito) kilichojazwa kwa kipimo cha kijeshi.

Sasa uko dukani, bunduki mkononi. Hakikisha haina kitu, kisha toa bolti kabisa. Weka karatasi nyeupe nyuma, mulika kwa tochi, tazama kutokea mdomoni. Unatafuta mifereji yenye kingo kali. Weusi peke yake usikutishe, huenda ni uchafu wa miaka. Omba kipande cha kitambaa kipitishwe, kisha tazama tena. Vishimo vya kutu haviondoki kwa kitambaa. Vikiwa vichache katikati, utaishi navyo. Vikiwa kwenye sentimita chache za mwisho kabla ya mdomo, usinunue.

Chukua risasi isiyo na baruti wala fataki hai (kile kidude cha tako kinachowasha baruti), ingiza kichwa chake mdomoni mwa mtutu. Kikizama mpaka mdomo wa ganda uguse chuma, mtutu umelika, aghalabu kwa fimbo za kusafishia kuliko kwa vita. Pitisha pamba ya masikio kuzunguka ukingo wa mdomo. Nyuzi zikinasa, kuna mkwaruzo. Kwenye Mosin utakuta baadhi ambazo karakana ilizipanua tundu kwa sentimita kadhaa kutoka mdomoni ili kuondoa mifereji iliyolika. Hizo hupiga vizuri tu. Wakusanyaji wanazinunia, wewe pata punguzo.

Kisha geji za chemba, vipande vya chuma vinavyopima ule uwazi kati ya bolti na risasi. Vua bolti kwanza viungo vyake vya ndani ili mkono uhisi. Bolti ifunge kwenye geji iliyoandikwa GO kwa kidole tu. Kwenye NO-GO isifunge, ingawa za jeshi nyingi hufunga na bado zinatumika. Ikifunga kwenye FIELD, ndefu kuliko zote, usinunue. Muuzaji asiyetaka geji ziguse bunduki yake amekwisha kukujibu.

Mbao zitazame nyuma ya mkia wa mwili wa bunduki na kwenye shingo ya kitako: nyufa huanzia hapo. Mbao zilizopigwa msasa zimepoteza mihuri na thamani. Mashimo ya skrubu za darubini kwenye chuma yanamaliza thamani ya mkusanyo kabisa, lakini kwa mpigaji asiyejali, hapo ndipo bei za chini zilipo.

Kuhusu sheria, Marekani ina leseni ya wakusanyaji ya aina ya 03: dola 30 kwa miaka mitatu, na inakuwezesha kuagiza silaha za miaka 50 na zaidi zifike kwako moja kwa moja, ukizingatia sheria za jimbo lako. Unalazimika kutunza daftari la kila unachonunua na kuuza. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki. Mwenye viza ya muda, wakiwemo wanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika isipokuwa ana msamaha maalumu. Muulize wakili kabla hujakubali mwaliko wa rafiki wa kwenda kupiga. Walioko Uingereza wanahitaji cheti cha polisi kinachotaja pia idadi ya risasi, na Garand haimo kabisa kwa kuwa inajikoki yenyewe.

Bunduki ikifika huenda imefunikwa kosmolini, grisi nzito ya kuhifadhia. Ifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uiache juani, grisi itatoka kwenye mbao yenyewe uifute. Vyuma vioshwe kwa spiriti ya kuyeyushia rangi, nje ya nyumba. Usitumie msasa wala dawa ya kusafishia oveni. Chemba isafishe kwa burashi ya shaba iliyo pana kuliko ya mtutu, maana grisi iliyobaki humo hugeuka gundi chemba ikipata moto. Ile bolti ya Mosin inayofunguliwa kwa kugongwa kwa kiganja, tisa kati ya kumi ni hilo. Ndani ya bolti pia safisha. Kwenye SKS, bunduki ya Kirusi inayojikoki yenyewe, grisi inayogandisha mbele pini ya kugonga fataki inaweza kufyatua risasi zenyewe mfululizo, na hapo si mchezo tena.

Siku ya kwanza weka risasi moja moja, miwani na vizuia sauti vikiwa vimevaliwa. Piga tano, okota kila ganda, litazame. Fataki ikigoma, elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri sekunde 30 kabla ya kugusa bolti. Fataki za zamani huchelewa kuwaka. Ukisikia mlio hafifu, acha, toa bolti, chungulia: kichwa kinaweza kuwa kimekwama ndani.

Anza mita 25, kisha 100. Ikipiga kushoto, sogeza kilengeo cha mbele kushoto. Kiasi chake ni kosa mara umbali kati ya vilengeo, gawa kwa umbali wa shabaha. Kwenye 91/30 umbali huo ni kama milimita 622, hivyo kosa la sentimita 10 kwenye mita 100 ni karibu milimita 0.6. Ndogo sana, gonga taratibu. Bunduki hiyo pia hupiga juu, na wengine hukata kilengeo hovyo wakidhani kimekosewa. Kumbe kinachotakiwa ni kilengeo kirefu zaidi: vika kipande cha plastiki ya waya kwenye nguzo yake, ukipunguze kidogo kidogo. Siku ukiiuza unakivua.

Kama ulipiga risasi za akiba, chukulia fataki zake zinaacha chumvi. Mafuta hayayeyushi chumvi, wala amonia, maji ndiyo. Mimina kama lita moja ya maji ya moto kupitia chemba kwa faneli, osha uso wa bolti, kausha, kisha paka mafuta, siku ile ile. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia maji.