Baka Limekatwa: Niandike Namba Gani?

Jioni hapa Ntinda, majirani wakirudi kutoka kazini, mimi ndiyo kwanza nafungua mafaili ya kliniki ya ngozi iliyoko Marekani. Nasoma alichoandika daktari, nakipa msimbo wa CPT, yaani namba inayoieleza bima kazi aliyoifanya, bima inalipa. Kwetu Uganda wagonjwa wengi hulipa taslimu dirishani, kwa hiyo kijana anayeanza kazi hii Kampala huwa hajawahi kuona misimbo hiyo. Swali lake la kwanza ni lilelile: baka limekatwa, niandike namba gani?

Namuuliza: limekatwa vipi? Kama daktari ameliparua juujuu kwa wembe, ni 11300 hadi 11313. Kama ameligandisha kwa naitrojeni, tazama fungu la 17000. Vinyama vya shingoni ni 11200, hata vikifika 15. Kisu kikipita unene wote wa ngozi hadi kwenye mafuta, ndipo tunaingia fungu la 11400 kwa baka lisilo saratani, au la 11600 kwa saratani.

Kwenye kisu ndiko pesa hupotea, kwa sababu ya kipimo. Hatupimi baka peke yake. Tunachukua upana wake mkubwa, kisha tunajumlisha ukingo mwembamba kabisa wa ngozi yenye afya uliohitajika, pande zote mbili. Baka la mgongoni la sentimita 1.5, ukingo 0.4 kila upande: 1.5 na 0.8 ni 2.3. Hilo ni 11403. Ila kipimo kichukuliwe kabla ya kukata. Kipande kikishakatwa na kutiwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, husinyaa. Maabara ikiandika 1.9 na wewe ukaifuata, umeshuka hadi 11402, na daktari amelipwa pungufu kwa kazi aliyoifanya. Baka hilohilo lingekuwa usoni, ungehamia 11443.

Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kutuma dai la mgongo kama huo bila kungoja maabara. Niliandika 11403 na D22.5, msimbo wa ugonjwa unaosema ni baka la kawaida. Siku chache baadaye majibu yakaja: melanoma, saratani ya ngozi. Ilipaswa kuwa 11603 na C43.59. Dai tulilirekebisha, lakini lililoniuma ni yule mgonjwa: kumbukumbu zake za bima zilisema hana kitu, huku akiwa na saratani. Kinyume chake kinatisha vilevile, mtu mwenye afya kubandikwa saratani asiyokuwa nayo kwa sababu daktari alishuku tu.

Tangu hapo, faili lisilo na majibu ya mwanapatholojia, daktari anayechunguza kipande maabara, silitumi, hata meneja akinihimiza.

Mshono mwepesi wa tabaka moja umo ndani ya msimbo wa kukata. Wa tabaka zaidi una namba zake, kuanzia 12031.

Jana nilipata faili limeandikwa "baka dogo, mgongoni", basi. Nimemrudishia daktari: kabla hujakata, lilikuwa sentimita ngapi, na ukingo ulichukua kiasi gani? Bado nangoja.