Acheni poda, mgeuzeni mzee

Wiki hii tena nimeingia nyumba ambamo mke wa mtoto amewekewa kikao na mawifi zake. Mama mkwe, mgonjwa wa kitandani asiyejigeuza, ana kidonda juu ya makalio, basi hukumu imeshatoka: haogeshwi. Nimemkagua huyo mama. Ngozi safi, kucha fupi, shuka zinanukia sabuni. Na poda, jamani! Mgongo mzima, mpaka imeganda ndani ya kidonda.

Kidonda cha namna hii, cha mgandamizo, hakiletwi na joto wala uvivu wa kuogesha. Kinaletwa na uzito: mfupa kwa ndani, godoro kwa nje, nyama ya katikati inakosa damu. Mkojo ukikaa muda mrefu hulainisha ngozi ikachubuka upesi, kwa hiyo usafi una kazi yake. Lakini mzee anayeogeshwa asubuhi na jioni kisha akaachwa chali kutwa atachimbika tu.

Spiriti mnayompaka inakausha ngozi. Ule mto wenye tundu mnaouziwa kwa bei unabana damu kuzunguka tundu. Na msisugue palipobadilika rangi eti damu itembee. Nyama ya chini imeshaumia.

Kinachoniudhi zaidi ni vitabu vinavyosema dalili ya kwanza ya kidonda "tafuta wekundu". Wekundu gani kwa bibi mweusi wa Tandahimba? Fungua dirisha, tochi ya simu inadanganya. Tafuta palipokoza kuliko pembeni, au palipoingia zambarau. Kisha gusa: pana joto au pamepoa kuliko ngozi ya jirani? Pamekuwa pagumu, au panabonyea? Muulize kama panauma. Makalio, nyonga, vifundo, visigino, kila mnapomgeuza. Ukingoja uone jeraha, umechelewa.

Kumgeuza si kumlaza ubavu kabisa, hapo unahamishia mzigo kwenye nyonga. Mwinamishe kidogo, nyuzi 30 hivi, mto nyuma ya mgongo. Mto mwingine chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee. Mnyanyueni kwa shuka watu wawili, msimburute. Mkimwegemeza sana atazame runinga, anateleza: mifupa inashuka, ngozi inabaki imeng'ang'ania shuka.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, tunawaambia kwa sauti ya uhakika. Uhakika huo hatuna. Utafiti uliochapishwa 2013, uliofanyika kwenye nyumba za wazee Marekani na Kanada, ulilinganisha saa mbili, tatu na nne kwa waliolalia magodoro mazuri ya sponji nzito, na haukuona tofauti ya maana. Kwa hiyo anayeuguza peke yake, akijiibia saa nne za usingizi juu ya godoro zuri, simgombezi. Godoro lililobonyea katikati ni habari nyingine.

Wapo pia wanaochimbika siku zao za mwisho, hata wakigeuzwa vizuri, kwa kuwa ngozi nayo inachoka pamoja na moyo na figo. Familia ikiniuliza kama kingezuilika, mara nyingine sina jibu.

Kikitoa usaha au harufu, kikiwa cheusi, mzee akipata homa: hospitali leo leo, kikao baadaye.