Kevin Anderson hakuibuka ghafla

Kila Wimbledon inapokaribia hurudi kauli ile ile, na mwaka huu nimeisikia kwa mtangazaji wa redio, kwa mzazi wa mwanafunzi wangu, na hata kwa mwalimu mwenzangu wa tenisi ambaye kazi yake ni kujua zaidi: kwamba Kevin Anderson wa Afrika Kusini alikuwa mchezaji wa kawaida tu mpaka alipofikisha miaka 30, kisha ndani ya mwaka mmoja na nusu akapaa kutoka nafasi ya 80 duniani hadi ya 5, akicheza njiani fainali mbili za Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi. Namba zenyewe ni za kweli. Mwanzoni mwa 2017 alikuwa wa 80, na tarehe 16 Julai 2018, siku moja baada ya fainali ya Wimbledon, alikuwa wa 5. Kilichojengwa juu ya namba hizo ndicho kinachonikera, kwa sababu vijana wa miaka 16 wanakisikia, kisha wanakaa kusubiri mwaka wao wa miujiza badala ya kusahihisha sevu ya pili, mpigo wa kuanzishia pointi.

Anderson alikwisha kuingia katika 10 bora Oktoba 2015. Nafasi ya 80 ni mahali alipoangukia baada ya hapo, na aliangukia hapo bila kupoteza uwezo wake wa kucheza. Pointi za ATP, chama kinachoendesha tenisi ya kulipwa ya wanaume, ni kama bando la intaneti: umelinunua kwa fedha yako halali, lakini lina tarehe ya kuisha, na tarehe ikifika haliulizi kama ulikuwa mgonjwa. Kila shindano linahesabiwa kwa wiki 52 tu. Mwaka 2015 Anderson alivuna pointi 300 kwa kufika fainali ya shindano la Queen's la London, 180 kwa raundi ya nne ya Wimbledon, 250 kwa taji la Winston-Salem na 360 kwa robo fainali ya US Open, jumla 1,090 katika kiangazi kimoja. Mwaka 2016 goti, kifundo cha mguu na bega vilimsumbua kwa zamu, na pointi zile zikafutika moja baada ya nyingine kwa tarehe zake, huku zile za kuzifidia zikipatikana kwa tabu. Nyonga ilipomzuia kwenda Australian Open huko Melbourne Januari 2017, orodha ilikuwa inasoma afya yake, wala haikuwa ikisoma tenisi yake. Anayeanza kuhesabu kutoka 80 anahesabu ngazi kuanzia chini ya shimo, kisha anashangaa jinsi jengo lilivyo refu.

Tukitaka kuona kupanda kwa kweli, tutazame nafasi alizomalizia kila mwaka: 2010 ya 61, 2011 ya 32, 2012 ya 37, 2013 ya 20, 2014 ya 16, 2015 ya 12. Ni mstari usiovutia hata kidogo, na ndiyo maana hakuna mtangazaji anayeusoma. Ndani yake mna taji la kwanza, lililopatikana nyumbani Johannesburg mwaka 2011, na la pili la Delray Beach mwaka 2012, kisha miaka mitatu mizima bila taji lolote huku nafasi ikizidi kuwa bora. Jambo hilo la mwisho huwachanganya watu sana. Mchezaji anayefika robo fainali na nusu fainali wiki baada ya wiki humpita aliyenyakua taji moja dogo na kutolewa mapema kwingine kote, kwa kuwa orodha hulipa mazoea kuliko siku moja ya kung'aa.

Na kama ni siku ya kung'aa, Anderson aliipata mapema kuliko wanavyodhani wapenzi wa hadithi za ghafla. Machi 2008, akiwa na miaka 21, alipita hatua ya mchujo Las Vegas, akafika fainali na kufungwa na Sam Querrey, kisha wiki chache baadaye huko Miami akamtoa Novak Djokovic, aliyekuwa wa tatu duniani na bingwa mpya wa Australia. Huo ulibaki kuwa ushindi wake pekee dhidi ya Djokovic katika maisha yake yote ya uchezaji. Ikiwa kuna mwezi uliofaa kuitwa wa kuibuka, ulikuwa huo, na haukumwibua: mwaka uliofuata alirudi nje ya 100 bora na kwenye mashindano ya Challenger, ngazi iliyo chini ya mashindano makuu ya ATP, ambako mchezaji wakati huo mara nyingi alijilipia gharama za safari mwenyewe na kutazamwa na mashabiki wanaohesabika kwa vidole.

Kuhusu chuo kikuu nitasema machache, ingawa ndilo swali ninaloulizwa zaidi na wazazi. Anderson alisoma na kucheza Chuo Kikuu cha Illinois kwa misimu mitatu, akatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa wachezaji wawili wawili mwaka 2006, na akaingia kwenye tenisi ya kulipwa mwaka 2007. John Isner, aliyecheza naye nusu fainali ya Wimbledon 2018, alitoka Chuo Kikuu cha Georgia, ambacho kiliifunga Illinois katika fainali ya timu mwaka huo huo wa 2007. Angella Okutoyi wa Kenya naye amepita njia ya chuo cha Marekani baada ya kutwaa taji la Wimbledon la vijana la wawili wawili mwaka 2022, na bado nawasikia watu wakisikitika kana kwamba amestaafu. Kijana wa Kiafrika asiye na mfadhili hupata huko uwanja, kocha, daktari wa misuli na mechi ngumu bila kulipa. Basi.

Wapo pia wanaosema kwamba yote ni urefu na sevu. Anderson ana sentimita 203. Ivo Karlović ana 211, na sevu yake ilikuwa miongoni mwa zilizoogopwa zaidi katika historia ya mchezo huu, lakini nafasi yake bora kabisa ilikuwa ya 14 na hakuwahi kufika nusu fainali ya Grand Slam. Tofauti yao ilikuwa kwenye bekihendi (mpigo wa upande wa pili wa mkono wa kuchezea) ya mikono miwili, na kwenye mwendo wa miguu, vitu ambavyo havionekani kwenye vipande vya video vya sekunde 30.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kukaa nalo, nalo ni raundi ya nne. Kati ya Januari 2013 na Julai 2015 Anderson alifika raundi ya nne ya Grand Slam mara 7 na kufungwa mara zote 7, na kwa sababu hiyo akabandikwa jina la mtu anayeogopa mechi kubwa. Waliompa jina hilo hawakutazama aliokutana nao: Tomáš Berdych mara mbili, David Ferrer mara mbili, Andy Murray, Rafael Nadal na Djokovic. Wote walikuwa miongoni mwa 8 wa juu katika upangaji wa shindano husika, yaani orodha ya wachezaji 32 bora wanaotenganishwa kwenye droo ili wasikutane mapema, na hiyo si nuksi, ni droo inavyotengenezwa. Waliopangwa 17 hadi 32 hukutana na mmoja wa 16 wa juu katika raundi ya tatu, na waliopangwa 9 hadi 16 hukutana na mmoja wa 8 wa juu katika raundi ya nne, iwapo kila mmoja atashinda anakotarajiwa kushinda. Mtu aliye wa 14 au wa 20 duniani amefungiwa ukuta mahali palepale kila mara, na ili aingie 8 bora apate kinga ya droo, inambidi kwanza awashinde wale ambao droo inawakinga. Wimbledon 2015 aliongoza seti mbili kwa sifuri dhidi ya Djokovic, zote kwa taibreka (mchezo wa kuamua seti iliyofungana 6-6), akafungwa katika ya tano siku iliyofuata baada ya giza kusimamisha mechi. Miezi miwili baadaye, kwenye US Open ya New York, akiwa amepangwa wa 15, alimtoa Murray aliyepangwa wa 3 kwa seti nne, na ukuta ukapasuka.

Sasa linganisha na Wimbledon 2018. Alipangwa wa 8. Katika raundi ya nne alikutana na Gaël Monfils, ambaye hakuwa amepangwa kabisa, na aliyepangwa wa 1, Roger Federer, alimngoja hadi robo fainali. Sisemi Monfils ni mchezaji mwepesi. Nasema kwamba kwa mara ya kwanza nafasi yake ilimfanyia kazi badala ya kufanya kazi dhidi yake, na nafasi hiyo ilinunuliwa kwa miezi 12 iliyotangulia.

Miezi hiyo haikuanzia US Open 2017. Ilianzia kwenye udongo wa French Open, Paris, ambako alifika raundi ya nne, ikaendelea Wimbledon, raundi ya nne tena na kufungwa kwa seti tano na Querrey yule yule, kisha fainali ya Washington na robo fainali ya Montreal: pointi 840 katika mashindano manne, kabla hajakanyaga New York. Alifika huko akiwa wa 32 duniani na akapangwa wa 28. Kocha wake wakati huo, Neville Godwin wa Afrika Kusini, alichaguliwa kuwa kocha bora wa ATP wa 2017, na uteuzi huo naukubali bila ubishi.

Lakini nitasema pia jambo ambalo vitabu vya makocha hulipita kimya. Djokovic, Stan Wawrinka, Kei Nishikori na Milos Raonic hawakucheza US Open hiyo kwa majeraha, na Murray alijitoa baada ya droo kufanyika, akaacha nusu ya chini ikiwa wazi. Anderson alifika fainali kwa kumtoa Querrey na Pablo Carreño Busta, kisha Nadal akamfunga 6-3, 6-3, 6-4. Je, angefika fainali kama wote wangekuwepo? Nikiwa peke yangu na droo ile mkononi, nashindwa kusema ndiyo kwa sauti kubwa. Ninachoweza kusema ni kwamba bahati ya namna hiyo huwaangukia waliopo, wakiwa wazima, na kwamba Wimbledon iliyofuata karibu wote walikuwepo, naye alikuwa nyuma kwa seti mbili dhidi ya Federer, akaokoa pointi ya mechi, na kushinda 13-11 katika seti ya tano. Ya Isner mnaijua: 26-24, saa 6 na dakika 36, nusu fainali ndefu kuliko zote za Wimbledon, na mwaka uliofuata Wimbledon ikaleta taibreka kwenye 12-12. Fainali dhidi ya Djokovic aliicheza kwa miguu iliyokwisha.

Turudi kwenye hesabu, kwa maana ndiyo inayoizika hadithi ya kupaa. US Open 2017 ilimpa pointi 1,200, akatoa 90 za raundi ya tatu ya mwaka uliotangulia, akabaki na faida ya 1,110, na akapanda kutoka 32 hadi 15: nafasi 17. Wimbledon 2018 ilimpa 1,200 nyingine, akatoa 180 za raundi ya nne, faida 1,020, na akapanda kutoka 8 hadi 5: nafasi tatu. Kazi ni karibu ile ile, tena ya pili ilikuwa ngumu zaidi, lakini malipo kwa nafasi hayalingani, kwa sababu pengo la pointi kati ya mtu na mtu huongezeka kila unavyokaribia juu. Kwa hiyo anayejisifu kwamba mwanawe amepanda nafasi 400 kwa mwaka kwenye orodha ya vijana hajaniambia chochote mpaka aniambie alianzia wapi.

Kalenda nayo ilikuwa sehemu ya kupanda kwake, na hapo ndipo watu wa kwao walipomnunia. Baada ya 2011 hakuichezea Afrika Kusini Kombe la Davis, shindano la timu za taifa, na mwaka 2016 aliikwepa Olimpiki ya Rio, ambayo haikutoa pointi zozote za ATP. Kwa hesabu tupu, mwili uliokuwa na majeraha yale usingebeba vyote. Hata hivyo siwezi kuwaambia Waafrika Kusini kwamba malalamiko yao hayana msingi, wakati Johan Kriek na Kevin Curren, waliofika fainali za Grand Slam miaka ya 1980, walikwisha kuhamia bendera ya Marekani. Anderson alibaki na bendera, akaacha timu. Nikilipima jambo hilo kama kocha napata jibu moja, na nikilipima kama shabiki wa tenisi ya Afrika napata jingine.

Septemba 2018 bando la New York likaisha. Alifungwa raundi ya nne na Dominic Thiem, akapokea 180 na kupoteza 1,200, yaani hasara ya 1,020, kiasi kile kile alichokuwa amekipata Wimbledon miezi miwili kabla. Aliziba sehemu ya pengo kwa taji la Vienna lenye pointi 500, akafika nusu fainali ya ATP Finals, shindano la wanane bora la kufunga mwaka, huko London, na akamaliza mwaka akiwa wa 6. Mwaka 2019 alianza na taji la Pune dhidi ya Karlović, kisha kiwiko na goti vikamtoa uwanjani kwa muda mrefu, na orodha ikafanya ilichofanya 2016. Taji lake la saba na la mwisho alilipata Newport, Julai 2021, akiwa nje ya 100 bora, miezi 10 kabla ya kustaafu.