Kemo nyekundu iliyofungwa kwenye mafuta

Juzi mama mmoja kaiangalia dripu yake inavyoning'inia akaniuliza, "Mwanangu, si mlisema dawa mmebadilisha? Mbona nyekundu ileile?" Na kweli ni ileile, doksorubisini, kemo yaani dawa ya kutibu kansa, ile inayofanya mpaka mkojo utoke mwekundu watu wanadhani wanakojoa damu. Ila uiweke kwenye mwanga uone, ya kawaida inang'aa kama juisi ya rozela iliyochujwa vizuri, hii ina ukungu kwa mbali. Ule ukungu ndo nano yenyewe, teknolojia ya vitu vidogo mno.

Mi mfamasia, kazi yangu kuchanganya kemo, na watu wakisikia nanoteknolojia wanawaza viroboti vinaogelea kwenye damu vinawinda kansa. Hamna roboti jamani. Ni vifuko vya mafuta vinaitwa liposomu, kimoja kama nanomita 100 hivi, yaani upange kama 800 ndo upate unene wa unywele mmoja. Dawa inaingizwa humo mpaka inaganda kama chembe za chumvi, halafu kifuko kinavikwa koti la polima ili mwili usikishtukie mapema, kikae kwenye damu siku kadhaa badala ya kuondolewa chap. Marekani waliiruhusu 1995 kwa wagonjwa wa ukimwi wenye Kaposi, kansa ambayo huku kwetu wala haihitaji utambulisho.

Sasa kinafikaje kwenye uvimbe? Uvimbe unakua kwa pupa, mishipa yake ya damu imejengwa kiholela ina matundu, vifuko vinapenya hapo, kwenye mishipa mizima vinapitiliza tu bila kupenya. Wajapani Matsumura na Maeda walilieleza hilo 1986. Nadharia tamu, lakini 2016 watafiti walipitia tafiti za miaka 10, panya wengi humo, wakakuta hesabu ya katikati ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndo zinafika kwenye uvimbe, nyingi zinaishia kwenye ini na wengu. Kwa hiyo mi nikiulizwa faida yake nasema moyo. Doksorubisini ya kawaida inachosha moyo hadi tunamhesabia mgonjwa dozi za maisha yake yote, ikifunikwa na mafuta moyo unapata nafuu.

Upande wa kupima, nano labda umeshaishika bila kujua, ule mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya mimba ni chembe za dhahabu, zikiwa ndogo hivyo zinaonekana nyekundu. Vipo vipimo vya choo vya kutafuta damu iliyojificha vinavyotumia ujanja huohuo, havisemi una kansa ya utumbo, vinasema nenda kapigwe kamera.

Tatizo ni kwamba dawa ya vifuko inajikusanya pia kwenye ngozi ya viganja na nyayo. Yule mama kanionyesha mikono, imebabuka, inawaka. Nikamwambia maji ya moto aache, kufua kwa mikono aache, viatu vya kubana aache. Akacheka, "Hapo kwenye kufua niandikie karatasi, nikawaonyeshe nyumbani."

Nikamwandikia.