Chupa Isiyo na Jina: Kwa Mafundi Sanifu wa Maabara za Shule Mkoani Kigoma

Mitihani ya vitendo ya Kidato cha Nne hufanyika Novemba, kwa hiyo miezi miwili kabla yake kemikali huingia shuleni kwa mkupuo. Ni kipindi hicho hicho simu za kuomba ushauri na za malalamiko huongezeka kwetu sisi tunaokagua kemikali: stoo inanuka hadi darasa la jirani, mwanafunzi kaungua kiganja, mwalimu ana ndoo ya mabaki na hajui aipeleke wapi. Nimeona niyaandike kwa pamoja yale ninayoyarudia shule kwa shule, kuanzia Ujiji hadi Kakonko.

Nawaandikia mafundi sanifu maabara, na pia walimu wa sayansi wanaofanya kazi ya fundi kwa sababu shule haijapata fundi. Wa kundi la pili ni wengi. Kampeni ya maabara za shule za kata, iliyopamba moto mwaka 2014, ilituachia majengo mengi, lakini jengo halina mikono. Ninajua mnavyofanya kazi katika mazingira magumu, na sina shaka na nia yenu. Mambo ya koti, miwani na viatu vya kufunika sitayagusa, mlishayasoma chuoni.

Nianze na chupa. Katika shule moja nilifungua kabati la chini na kukuta chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, ikiwa na kimiminika kisicho na rangi wala lebo. Fundi alisema anadhani ni maji yaliyokenekwa, yaani maji safi ya mvuke uliopozwa. Nilipoinyanyua, mkono uliniambia kabla ya macho: ilikuwa nzito mno. Kitako chake kilikuwa kimepauka. Tuliiweka kwenye beseni, tukachovya ncha isiyo na baruti ya kijiti cha kiberiti, na mbele yetu kijiti kikageuka cheusi kama kilichopita motoni. Ilikuwa asidi ya salfuriki isiyochanganywa na maji, ambayo lita yake moja ina uzito wa karibu kilo 1.84. Kabati hilo halikuwa na kufuli, na kila Ijumaa wanafunzi wa zamu huingia humo kupiga deki. Mtoto aliyetoka kufyeka uwanja saa saba mchana akiona chupa ya maji, atafanya nini?

Fundi yule hakuwa mzembe. Chupa kubwa ya kiwandani ilipasuka mfuniko, akaokoa kilichokuwemo kwa chombo kilichokuwa karibu, akakusudia kuandika lebo kesho yake. Ndiyo sababu nasema lebo huandikwa kabla kimiminika hakijamiminwa. Iandikwe jina kamili la kemikali, nguvu yake, tarehe ya kutengenezwa au kufunguliwa, alama ya hatari, na jina la aliyeitengeneza. Andika kwa penseli kisha funika kwa seloteipu, kwa maana wino wa kalamu huyeyuka tone la kwanza likidondoka. Kuandika "HCl", yaani asidi ya haidrokloriki, peke yake hakutoshi: yenye nguvu ya 0.1 M (M ni moli kwa lita) na ile ya 12 M zote ni HCl, na tofauti yake ni ngozi ya mtu. Chupa ya maji, ya soda au ya juisi isiingie maabara kwa matumizi yoyote. Hapo sina mjadala.

Sasa leja. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani Na. 3 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, haikuandikwa kwa ajili ya viwanda tu, ingawa wakuu wa shule wengi huniambia hivyo. Kemikali ikishaingia kwenye stoo yako, una wajibu juu yake tangu ilipopokelewa hadi ilipokwisha. Kwa hiyo mzigo ukifika, usisaini kwa kuangalia katoni. Fungua, hesabu chupa moja moja, linganisha na hati ya kupokelea mzigo, angalia mihuri na tarehe ya mwisho, kisha mwombe mzabuni karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali. Zihifadhi kwenye faili linalokaa maabara, si kwa mhasibu. Ingiza kwenye leja siku hiyo hiyo: tarehe, jina, kiasi, namba ya toleo, mahali ilipowekwa. Kila unapotoa, andika kiasi kilichotoka, kilichobaki, kipindi kilichotumia, na saini ya mwalimu aliyechukua. Mwisho wa muhula hesabu upya mbele ya mtu wa pili. Pakiwa na pungufu, toa taarifa kwa maandishi kwa mkuu wa shule siku hiyo. Usisubiri mzigo mpya uje uzibe pengo.

Natilia mkazo kwa sababu ya kundi moja, kemikali bashirifu, yaani zile zinazoweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya. Mafundi wengi hushangaa nikiwaambia wanazo kabatini. Asetoni, etha, toluini, asidi ya haidrokloriki, asidi ya salfuriki na potasiamu pamanganeti zote zimo kwenye orodha za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya. Hapa nchini udhibiti wake unagusa pia Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Na. 5 ya mwaka 2015, ambayo adhabu zake ni kali sana. Ile ya mwaka 2003 nayo ina faini, kifungo, au vyote viwili, na mtumishi wa umma hubaki bado na shauri la nidhamu kwa mwajiri wake. Kumpimia fundi betri "kidogo tu" asidi ya shule, au kumpa jirani pamanganeti ya kuogeshea samaki, ni kutoa mali ya serikali na ni kuvunja sheria ya kemikali kwa mkupuo mmoja. Anayekuomba ni rafiki yako, lakini siku ya ukaguzi leja itakuwa na jina lako peke yako.

Nije kwenye maji, ambako shule za mjini Kigoma hupoteza alama bila kujua. Maji ya Ziwa Tanganyika yana ubesi: pH yake, kipimo cha asidi na besi ambacho katikati yake ni 7, ni karibu 9, na ndani yake mna kabonati, magnesiamu na kloridi. Kwa kunywa, yakishatibiwa, na kwa kuoga hayana neno. Lakini ukitengenezea asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M, kabonati hizo hula sehemu ya asidi kabla mwanafunzi hajaigusa, ikabaki karibu 0.094 M. Aliyetarajiwa kupata mililita 25 kwenye bureti, ile mirija ya kupimia asidi inayotumika, anapata kati ya 26 na 27. Anarudia mara tatu, anapata hivyo hivyo, anadhani kosa ni lake. Ukiyeyushia sodiamu haidroksaidi, mchanganyiko unakuwa na ukungu kama maji yaliyooshea mchele, kwa sababu magnesiamu imejitenga. Na kwenye utambuzi wa chumvi, tone la nitrati ya fedha litaonyesha kloridi hata pale ambapo sampuli haina kloridi kabisa. Wenzetu wa Tabora wanaotumia maji ya Ziwa Victoria hawana ubesi huo, ila maji yoyote ya bomba yaliyotiwa klorini huwadanganya kwenye kipimo hicho hicho.

Tumieni maji yaliyokenekwa. Mkinunua dukani muwe waangalifu na jina "maji ya betri", maana huitwa hivyo maji safi na huitwa hivyo asidi ya betri. Jaribu kwa litmasi, karatasi inayobadilika rangi kwenye asidi au besi, kabla ya kuyapokea. Kwa mazoezi ya kawaida, maji ya mvua yanafaa kuliko ya ziwa, mradi mvua ya kwanza iachwe ioshe bati, maji yachujwe, na tone la nitrati ya fedha lisilete weupe, dalili ya kloridi. Kwa mtihani, hapana.

Ukishapata maji, hesabu ya asidi ni hii. Chupa ya kiwandani ya asidi ya haidrokloriki yenye asilimia 36 na uzito wa gramu 1.18 kwa mililita ina nguvu ya karibu 11.6 M, kwa hiyo lita moja ya 0.1 M huhitaji mililita 8.6. Soma lebo ya chupa yako kwanza, asilimia hutofautiana. Maji yatangulie, asidi ifuate polepole. Kisha ipime dhidi ya sodiamu kabonati kavu kabla ya kuigawa. Fundi asiyeipima asidi yake anaukabidhi mtihani kwa bahati.

Kuhusu upangaji wa stoo, acheni kupanga kwa alfabeti. Kwa majina ya kwenye lebo za kiwandani, alfabeti huiweka asidi ya nitriki jirani na naftalini, na potasiamu pamanganeti jirani na propanoni, ndiyo asetoni. Huo ni moto unaosubiri siku. Panga kwa tabia: vinavyowaka peke yake, vinavyochochea moto peke yake, asidi chini kabisa kwenye trei ya plastiki, besi mbali na asidi. Ukiona vumbi jeupe limetanda kwenye vioo vyako, amonia na asidi ya haidrokloriki zimekaa jirani na mivuke yake imekutana. Amonia kali usiifungue kwenye joto la mchana wa Oktoba bila kuipoza chupa kwanza. Nitrati ya fedha kwenye chupa ya kahawia. Sodiamu izame kabisa kwenye mafuta ya taa, na mafuta yakipungua yaongezwe siku hiyo.

Taa ya spiriti isiongezwe spiriti ikiwa bado ya moto, hata kama utambi unaonekana umezima. Mwali wa spiriti hauonekani vizuri mchana. Nimeshika mkono wa mwanafunzi aliyeungua hivyo, na mwalimu wake alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka pale.

Akiungua kwa asidi, ni maji, mengi, yanayotiririka. Macho yaoshwe angalau dakika 15 mfululizo huku kope zimefunguliwa, kisha hospitali. Maziwa hayatoi asidi kwenye ngozi. Dawa ya meno pia. Magadi hufaa kwenye meza iliyomwagikiwa, si kwenye mwili. Aliyemeza asitapishwe. Nimeyasema haya mara nyingi mno, na bado nakuta pakiti ya maziwa kwenye sanduku la huduma ya kwanza mahali palipotakiwa kuwa na ndoo ya maji yenye bomba. Baada ya huduma, andika: saa, kemikali, nguvu yake, kilichofanyika, majina ya walioona. Fundi aliyeumia kazini analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, lakini dai hujengwa kwa maandishi.

Kemikali iliyopitwa na muda haijafa. Asidi ya zamani bado inaunguza, na etha ya zamani ni hatari kuliko mpya, kwa sababu hutengeneza peroksaidi, kemikali zinazoweza kulipuka chupa ikifunguliwa; ukiikuta usiiguse, toa taarifa. Asidi na besi zilizochanganywa na maji mengi, zilizobaki kipindini, unaweza kuzituliza moja kwa nyingine, ukathibitisha kwa litmasi, ukamwaga na maji mengi. Chumvi za risasi, zebaki, fedha, bariamu na kromi hazimwagwi chooni wala shimoni nyuma ya maabara. Mji wetu umeinama kuelekea ziwani, na mvua hushuka huko huko wanakovua dagaa. Kusanya mabaki hayo kwenye chombo chenye lebo, tengeneza orodha ya jina, kiasi na hali ya chombo, mkuu wa shule aandike barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala iende kwa Mamlaka ya Mkemia Mkuu. Uteketezaji hufanywa kwa kibali na chini ya usimamizi. Huchukua muda, najua. Wakati mnasubiri, kifungieni.

Jambo la mwisho ni makabidhiano. Fundi akihamishwa kwenda Kibondo au Uvinza, asiondoke kwa kuacha ufunguo kwa mlinzi. Mkae wawili, leja mkononi, mpite rafu kwa rafu, kila chupa ishikwe na kusomwa kwa sauti, na isiyo na jina iandikwe kwenye orodha ya kuteketezwa. Kwa shule ya kawaida kazi hiyo huchukua asubuhi moja. Wote wawili mtie saini, mkuu wa shule naye asaini, na nakala ibaki ndani ya kabati.