Je, wajua? Kwa nini kimbunga kikiingia kwenye maji baridi mara nyingi hakifi

Kwamba kimbunga kinaishi kwa joto la bahari watu wengi wanalijua, maji yanatakiwa yawe nyuzi 26 hivi kwenda juu, na hiyo ni kweli kabisa. Shida inaanza pale mtu anapomalizia mwenyewe: basi kikipanda kaskazini mpaka kwenye maji ya nyuzi 15 kitazimika tu. Kwenye Atlantiki ya kaskazini karibu nusu ya vimbunga havizimiki namna hiyo. Vinageuka kuwa dhoruba ya aina nyingine, yenye umbo lingine na inayokula chakula kingine, na kuna wakati hiyo ya pili ndiyo inayoharibu eneo kubwa zaidi.

Angalia kimbunga Fiona, Septemba 2022. Tarehe 18 kiliipiga kisiwa cha Puerto Rico kikiwa daraja la 1 (kali kabisa ni la 5), kikapata nguvu hadi daraja la 4, kikapita jirani na kisiwa cha Bermuda halafu kikanyoosha kwenda Kanada, na alfajiri ya tarehe 24 kikaingia jimbo la Nova Scotia. Muda huo wataalamu walikuwa wameshakitoa kwenye orodha ya vimbunga vya kitropiki. Lakini kipimo cha kisiwa cha Hart kilisoma mgandamizo wa hewa wa milibari 932.7 (ukizidi kuwa mdogo ndivyo dhoruba inavyozidi kuwa kali), na hakuna dhoruba iliyowahi kupimwa ikiingia nchi kavu Kanada na mgandamizo mdogo kiasi hicho. Kule Port aux Basques, mji mdogo wa Newfoundland uliojengwa juu ya miamba ya ufukweni, mawimbi yalipanda hadi kwenye nyumba, nyingine zikang'olewa zima zima zikaingia baharini, na mama mmoja akachukuliwa na maji akafariki. Na bahari ya kule ni ya baridi.

Sasa nguvu ilitoka wapi?

Ukanda wa joto mambo ni haya: maji ya bahari yanageuka mvuke, mvuke unapanda katikati ya kimbunga, ukigeuka mawingu na mvua unaachia joto lake, hewa ya katikati inakuwa nyepesi, mgandamizo unashuka na hewa ya pembeni inavutwa kwa kasi. Ukitoa maji ya joto habari imeisha. Lakini ukienda mbali na ikweta kuna akiba nyingine kabisa ambayo haitegemei bahari, nayo ni hewa joto ya kusini na hewa baridi ya kaskazini zimekaa ubavu kwa ubavu.

Chukua vile vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki sokoni. Ukifungua mlango baridi inakupiga miguuni kwanza, ule ukungu mweupe unatambaa sakafuni kuja nje, na wakati huohuo hewa ya joto ya nje inaingia kwa juu, usawa wa kichwa. Hakuna feni pale. Hewa baridi ni nzito inashuka, hewa joto ni nyepesi inapanda, na huko kubadilishana nafasi ndiko kunakozaa mwendo, ndio upepo wenyewe, tofauti ya joto ikiwa kubwa unakuwa mkali na ndani na nje pakishalingana unakoma. Kwenye anga mlango huo hauko wazi siku zote, kwa sababu mzunguko wa dunia unafanya hewa ipende kutembea sambamba na mpaka wa joto na baridi kuliko kuuvuka. Kimbunga kikifika pale ndicho kinachousukuma mlango: upande wake wa mashariki kinapeleka hewa joto yenye unyevu kaskazini ikapande juu ya ile ya baridi, upande wa magharibi kinavuta baridi ije kusini ijipenyeze chini.

Halafu kuna msaada wa juu. Kilomita kama 10 kutoka ardhini unapita mkondo wa upepo mkali sana unaoelekea mashariki, na ukiwa umejipinda vizuri magharibi mwa kimbunga unaondoa hewa kwa juu, kwa hiyo mgandamizo wa chini unazidi kushuka. Mkondo huohuo unakikimbiza, kilichokuwa kinatembea kilomita 20 kwa saa kinaweza kufika 60 na zaidi. Ila si kila kimbunga kinaipata bahati hiyo (bahati kwake, sio kwa watu), maana kikikutana na mkondo mahali pabaya au saa mbaya unakikata kichwa na kinapotelea baharini. Ndio maana watabiri wanapata tabu sana na hizi siku mbili tatu za mageuzi.

Umbo nalo linabadilika. Jicho linapotea, ule mduara mzuri unavunjika, kasi ya juu kabisa ya upepo mara nyingi inapungua lakini upepo unatanuka. Dhoruba Sandy ya 2012 ilipokaribia jimbo la New Jersey, Marekani, upepo wa kiwango cha dhoruba ulikuwa umetapakaa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mvua kubwa inahamia kushoto kwa njia yake, upepo mkali unabaki kulia. Dhoruba Hazel, Oktoba 1954, iliingia Marekani pwani ya Carolina asubuhi na usiku wa siku hiyohiyo ikawa Toronto, mji wa Kanada ulio mbali kabisa na bahari, mto Humber ukafurika ukazoa sehemu ya mtaa wa Raymore Drive na watu wake. Jimbo zima la Ontario, ambako Toronto ipo, walikufa watu 81.

Kwa hiyo mtu akisikia redioni "sio kimbunga tena" akaona hatari imepita, anakosea vibaya. Hicho ni kitambulisho tu kimebadilishwa. Hata Marekani, kwa Sandy, kituo cha taifa cha vimbunga hakikutoa tahadhari ya kimbunga kwa pwani ya New Jersey kwa vile walitegemea kitakuwa kimeshageuka kabla ya kufika, ofisi za hali ya hewa za maeneo zikatoa tahadhari za aina nyingine, lawama zikawa nyingi na 2013 utaratibu ukabadilishwa ili tahadhari iendelee hata baada ya mageuzi.

Vya kwetu huku vingi havifiki hatua hiyo. Idai na Kenneth za 2019 ziliingia nchi kavu Msumbiji zikakatiwa bahari, na Hidaya ya Mei 2024 ilifia karibu na Mafia, bado ndani kabisa ya ukanda wa joto. Vinavyogeuka ni vile vinavyokata kona Madagaska na kushuka kusini-mashariki, kwenye bahari ambayo karibu hakuna mtu anayeishi, na huko, kwa vile ni kusini mwa ikweta, kila kitu kinakuwa kinyume: mvua inakaa kulia, upepo mkali kushoto.