Je, Wajua? Kikombe cha Kidushi Hakina Umbo Maalumu

Ijumaa jioni, Sabato ikiingia, Myahudi hushika kikombe kilichojaa divai na kusoma baraka ya kuitakasa siku hiyo. Baraka hiyo huitwa Kidushi. Vikombe vyake vinavyoonyeshwa makumbusho mara nyingi ni vya fedha, vyenye mguu mrefu na nakshi za mizabibu, hata mtu akadhani ndivyo sheria ilivyoagiza.

Sheria haikuagiza hayo. Inadai kipimo, na marabi wa leo hukikadiria kuanzia mililita 86 hadi 150 hivi. Inadai pia kikombe kiwe kizima, kisicho na ufa wala pengo. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inataja mambo kumi ya kikombe cha baraka, kisha Rabi Yohanan anabakiza manne tu: kisuuzwe, kioshwe, divai isizimuliwe kwa maji, na kijae. Fedha haimo. Mguu haumo. Mizabibu haimo. Glasi ya kawaida ya jikoni, ikitimiza hayo, inatosha kabisa.

Fedha iliingia kwa mlango wa heshima: marabi walifundisha kwamba amri ya Mungu itimizwe kwa vyombo vizuri. Uzuri wa namna gani? Hawakusema, na hapo ndipo jambo hili linaponoga. Kwa kuwa umbo halikuamriwa, kila jamii ilichukua bilauri ya mahali ilipoishi. Katika Ujerumani ya karne ya 17 na 18, Wayahudi kwa kawaida walizuiwa kuingia vyama vya masonara, hivyo vikombe vyao vingi vya Augsburg na Nuremberg vilifuliwa na Wakristo. Kikombe cha namna ileile kingeweza kukaa juu ya meza ya Mkristo, kikanywewa bila baraka yoyote.

Fikiria kanga. Nyingi zilichapwa Uholanzi, India au Japani, na mafundi wasiojua Kiswahili. Maua na pindo vinapendeza, ila vyenyewe havisemi na mtu. Jina ndilo linalosema. Badilisha jina, uache maua yaleyale, na kanga ina ujumbe mwingine. Kwenye kikombe, kazi ya jina hufanywa na maandishi ya Kiebrania yanayochongwa ubavuni, mara nyingi agizo la Kutoka 20:8: “Ikumbuke siku ya Sabato uitakase.” Bilauri ya starehe ikishachongwa hivyo, imepewa kazi ya ibada.

Lakini maandishi yangeweza kuongezwa miaka mingi baada ya kikombe kufuliwa. Kwa hiyo mihuri ya masonara isomwe kwa uangalifu. Tunda la msonobari ni alama ya Augsburg, herufi N ni ya Nuremberg, na namba 84 kwenye vikombe vidogo vya Urusi maana yake ni sehemu 84 za fedha safi katika 96. Mihuri hiyo inaeleza fedha na mji wa fundi. Haielezi ni lini kikombe kilisomewa Kidushi kwa mara ya kwanza.